Kompyuta Isiyotoa Shikamoo

Ninayo heshima kubwa, kwa niaba ya Kampuni ya Wakulima ya Miteremko Miwili, kuutangazia umma wa Mbulu na Hanang kwamba zoezi la kuchagua mlinzi wa kompyuta zetu lilikamilika kwa ufanisi wa asilimia mia moja. Zoezi lilichukua miezi minane, vikao kumi na tisa na mbuzi wanne. Yaliyotokea baadaye yalitokea baadaye, na anayeyaunganisha na zoezi hilo ni mchonganishi.

Naitwa Ignasi, Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Ulinzi wa Mtandao, kwa kifupi KAKUUMTA. Kama ulimi wako unashindwa kulitamka, hilo si kosa la Kamati. Nimeombwa niandike taarifa hii bila hasira, nami nitajaribu.

Wasiotufahamu wajue kwamba zamani, biashara ikiwa mikononi mwa serikali, mkulima wa Endasak alikuwa na mnunuzi mmoja, na alijua kabisa atacheleweshewa malipo yake wapi. Biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mizani na gunia tupu akawa mnunuzi. Wakulima walipochoka kupunjwa wakaungana, wakaanzisha kampuni yao. Mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulipotimiza miaka kumi, kampuni ilikuwa na makao makuu Mbulu mjini na matawi matatu: Tumati, Endagikot na Endasak. Kila ofisi ilikuwa na kompyuta moja. Ya tano ilikuwa laptopu ya Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Gerald Gidabuday, iliyolala kwenye mkoba wa ngozi ya ndama na kuguswa na yeye peke yake.

Kazi kubwa ya kompyuta hizo ni orodha ya mbegu. Kabla ya mvua za Novemba, kila tawi linaandika mkulima gani anataka mbegu gani, kilo ngapi. Orodha inakwenda Mbulu, Mbulu inaagiza, mbegu zinakuja. Orodha isipofika, mvua inanyesha kwenye shamba tupu. Siku hizo orodha ilisafiri ndani ya flashi, na flashi ilisafiri ndani ya mfuko wa shati la mtu wa bodaboda, kupitia Dareda na Dongobesh, na vumbi lote lile.

Sasa Oktoba moja, siku mbili kabla ya safari, kompyuta ya Endasak iliugua. Mafaili yalitoweka, yakabaki majina tu. Ukilibonyeza jina, halifunguki. Orodha ya wakulima mia nne na kumi na wawili ilikwenda na maji. Mbegu zilifika katikati ya Januari, mahindi yakapandwa yamechelewa, yakatoka ya manjano. Mama mmoja mjane, Benedikta, alivuna debe mbili kwenye ekari tatu, na hadi leo anazitaja debe hizo kila anaponiona, utadhani mimi ndiye mvua.

Mkurugenzi hakupoteza muda na uchunguzi. Karani wa Endasak ni Scolastica Margwe, umri miaka ishirini na sita. Katika kampuni nzima hakuna mtu hata mmoja anayemwamkia yeye shikamoo. Yeye ndiye anayetuamkia wote. Kwa hiyo kosa lilikuwa lake. Alipewa barua kwamba ugonjwa ukirudi msimu unaofuata, kazi hana. Analipia ada wadogo zake wawili, jambo ambalo si la kiofisi, nalitaja tu kwa sababu alilitaja mwenyewe mezani kwangu, akifuta macho kwa kanga yake.

Na huyo binti alijibuje? Kwa barua ya ukurasa mmoja. Mmoja! Aliandika kwamba kompyuta zote tano ziwekewe programu ileile ya kuzuia virusi. Kwamba flashi yoyote ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Kwamba orodha ziache kupanda bodaboda, zipite kwenye kitu kinaitwa VPN, yaani njia iliyofungwa kwa kufuli kutoka ofisi hadi ofisi, na kila tawi litunze nakala za wenzake. Mwisho akaandika: "Na mtu yeyote asisamehewe." Akaambatanisha jina la fundi wa Arusha, basi, akatia sahihi.

Mkurugenzi aliinua ile barua kwa vidole viwili. "Katibu, hii ni barua au karatasi ya kufungia karanga?"

"Ni nyepesi kweli, Mheshimiwa."

"Jambo zito halikai kwenye karatasi nyepesi. Unda Kamati."

Niliunda. Mwenyekiti akawa Mkurugenzi mwenyewe, na katibu mimi. Wajumbe wakawa wakuu wa matawi, Nikolausi wa Tumati na Restituta wa Endagikot; Endasak ilikuwa na karani tu. Tukamwongeza Mzee Gidamis, mstaafu aliyesimamia josho la ng'ombe pale Endasak kwa miaka thelathini, kwa sababu lilipotajwa neno virusi hatukumkumbuka mtaalamu mwingine. Scolastica aliruhusiwa kuingia akileta chai.

Kikao cha kwanza Mzee Gidamis aliomba neno. "Josho letu lilikuwa zuri," akasema. "Ng'ombe wote wanaingia kwenye dawa. Ila mwenyekiti wa kijiji alikuwa na dume lake kubwa, akasema dawa inamwasha macho. Tukampitisha pembeni. Mwezi haukuisha, ndigana ilianzia kwa dume lile ikatembea boma kwa boma. Kupe hamjui mwenye ng'ombe."

Mkurugenzi alimshukuru kwa historia. Kwenye muhtasari niliandika: "Mzee Gidamis alizungumzia ng'ombe." Tukaendelea na mbuzi wa kwanza.

Vikao sita vilitumika kupanga sifa za mwombaji. Zilikuja programu tatu, moja kwenye boksi la kijani, moja la bluu, moja jekundu, zote mkononi mwa yule fundi wa Arusha, kijana mrefu anaitwa Julius. Tulimweleza kwamba kila mwombaji wa kazi ya ulinzi lazima awasilishe barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji wa kata kuthibitisha tabia, na wadhamini wawili wasio ndugu.

Julius alitutazama mmoja mmoja. "Wazee wangu, hii ni programu. Haina mkono."

"Mlinzi wetu wa getini alileta vyote," nilimjibu, "na yeye analinda trekta bovu. Hiki chako kinataka kulinda kampuni nzima mikono mitupu?"

"Lakini mzee..."

"Kijana, usituletee ujanja wa mjini."

Aliondoka akitikisa kichwa. Baada ya wiki mbili akarudi na makaratasi. Barua ya mtendaji, sijui aliipataje, ilisema mwombaji wa boksi la bluu "hanywi pombe na hajawahi kuonekana akizurura." Kwa cheti cha kuzaliwa alileta leseni ya programu, yenye tarehe ya kutolewa Mei mosi mwaka uleule. Niliipokea nikaigonga muhuri. Kijani na jekundu ziliondolewa kwa kukosa wadhamini, na kwa haki kabisa boksi la bluu likaitwa kwenye usaili.

Naomba isisemwe kwamba Kamati haikuuliza maswali ya kitaalamu. Mkurugenzi aliuliza VPN ni nini hasa. Julius akasema ni njia ya faragha; taarifa inaingia Endasak, inatokea Mbulu, katikati hakuna anayeiona.

"Na kwa nini kampuni yenye hadhi ipite kichochoroni?" aliuliza Mkurugenzi. "Tumeiba?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni ili wezi wasione."

"Mimi nikipita barabarani nataka nionekane."

Niliandika hoja hiyo kwa herufi kubwa. VPN yenyewe tuliipokea shingo upande, kwa kuwa ilikuja pamoja na boksi.

Kisha ikaja siku ya majaribio, kikao cha kumi na nne. Kamati ilikuwa imeagiza mashine iseme Kiswahili, tena kifupi, kwa sababu macho ya baadhi yetu si ya jana. Julius akaiweka programu kwenye laptopu ya Mkurugenzi, akaigeuza taratibu, akasema, "Karibu, Mheshimiwa." Kioo kikawa cheupe. Katikati yakatokea maneno mawili, meusi, makubwa.

WEWE NANI?

Restituta aliweka kikombe chini. Mimi nilitazama dari, kwa sababu kuna mambo mtu mzima hapaswi kuonekana ameyaona.

"Imeuliza nini?" alisema Mkurugenzi, polepole.

"Inataka jina na neno la siri," alisema Julius. "Halafu itakutumia namba kwenye simu, ili ijue kweli ni wewe. Inamuuliza kila mtu, kila siku."

"Kila siku! Nina miaka hamsini na tisa. Nimezika wazazi, nimewaoza mabinti watatu. Leo kidude hiki kinikazie macho, 'wewe nani'? Ebo! Hata shikamoo hakijatoa!"

Nilithibitisha kwa kusogea karibu na kioo. Haikuwepo shikamoo, si juu wala chini.

"Naweza kuiongeza," alisema Julius haraka. "Iseme shikamoo kwanza, halafu iulize."

Mkurugenzi alicheka kwa dharau. "Na itamjuaje inayemwamkia kabla haijauliza? Akikaa hapo binti kama huyu wa chai, impe shikamoo? Mnataka laana?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kichwa cha yule mtu. Mashine haiwezi kutoa shikamoo bila kujua umri, na haiwezi kujua umri bila kuuliza, na haiwezi kumuuliza mkubwa bila kutoa shikamoo. Wazungu waliotengeneza kitu kile hawakuliona hilo. Tulijadiliana vikao vitatu, na mbuzi wa tatu akaliwa humo humo.

Suluhisho likawa Kifungu cha Saba, Kifungu cha Heshima, ambacho nilikiandika kwa mkono wangu: "Mtu anayestahili kuamkiwa shikamoo hataulizwa, hatakaguliwa wala hatazuiwa na mashine yoyote ya Kampuni." Kwa maneno ya kawaida, laptopu ya Mkurugenzi haitawekewa ulinzi, ikatumike kwa uhuru.

Nikolausi akakohoa. Akasema yeye ana miaka hamsini na tatu, na pale Tumati hata mwalimu mkuu anamwamkia. Tukaisamehe kompyuta ya Tumati. Restituta akauliza kama mama wa watoto saba ni mtoto. Tukaisamehe ya Endagikot. Mimi sipendi kujitanguliza, nilingoja mpaka nikaulizwa, ndipo nikasema nina arobaini na nane na mvi mbili. Makao makuu pia yakasamehewa. Tulipomaliza, kompyuta zilizobaki kwenye ulinzi kamili zilikuwa moja, ile ya Endasak, kwa kuwa mtumiaji wake hana wa kumwamkia.

Scolastica alikuwa ameshika birika. "Shikamooni wazee. Samahani. Sasa si tumefunga dirisha moja tukaacha milango minne?"

"Mimina chai," alisema Mkurugenzi.

Mzee Gidamis alijiinamia, mabega yakicheza. Nilidhani ni kikohozi.

Ili tusionekane walegevu, Kamati ilipitisha pia Kifungu cha Kumi na Moja. Hiki kilikuwa cha meno. "Yeyote atakayeingiza ugonjwa kwenye kompyuta ya Kampuni atapoteza kazi siku hiyohiyo. Rufaa itapokelewa ndani ya siku kumi na nne, kupitia mtandao salama wa VPN peke yake." Sote tulijua kimeandikwa kwa ajili ya nani. Mwishoni niliongeza maneno "bila kujali cheo wala umri", kwa sababu sentensi ilikuwa inaishia vibaya. Mkurugenzi aliisifu sauti yake, akatia sahihi bila kuvua miwani ya jua.

Septemba mlinzi aliajiriwa. Julius alisafisha kompyuta ya Endasak, akaifunga kufuli, akaziunganisha zote kwa VPN, na nne nyingine akaziacha bila mlinzi kama ilivyoagizwa. Nakala za orodha zikaanza kusafiri zenyewe kati ya matawi, na mtu wa bodaboda akakosa safari.

Oktoba, wakulima wakiwa foleni pale Endasak kuandikisha mbegu, Mkurugenzi aliwasili kwa ukaguzi. Alikuwa na hotuba ya mkutano mkuu ndani ya flashi yake, anataka iprintiwe. Flashi hiyo ninaifahamu. Nyeusi, ina kamba nyekundu, na pamoja na hotuba ilikuwa na mieleka ya Wamarekani, aliyokuwa akiingiziwa kwenye kibanda kimoja cha nyimbo mjini, ambako flashi za wilaya nzima zinachomekwa tundu moja. Huo ni muda wake binafsi, na mapumziko ya kiongozi ni sehemu ya uongozi.

Aliichomeka mwenyewe, bila kumsalimu mtu. Mashine ikalia kidogo, ikaandika kwa rangi nyekundu: HAPANA. ANA UGONJWA.

Watu kumi na tano walikuwa pale. Mama Benedikta, wa kwanza kwenye foleni, ndiye aliyeanza kucheka, na mama yule akicheka anacheka na tumbo.

"Iambie ifungue," alisema Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, haiwezi," alisema Scolastica. "Naomba usiichomeke kwingine. Ni ugonjwa uleule wa mwaka jana. Nakuomba, mzee wangu."

"Unaniambia mimi nina ugonjwa? Mbele ya watu?"

"Flashi, Mheshimiwa. Si wewe."

"Nitakuonyesha nani mgonjwa!"

Na hapo ndipo utaona tofauti ya kiongozi na karani. Mtu mdogo angenung'unika akaenda nyumbani. Yeye alipanda gari la kampuni akaanza ziara rasmi ya kuithibitisha flashi. Alikwenda Endagikot, akaichomeka, Restituta akasimama wima, kompyuta ikaipokea. Akapanda Tumati, ikapokewa, na kuku akachinjwa. Akamalizia makao makuu, nami nikapiga makofi. Kompyuta tatu za heshima zilimpokea bila kuuliza swali hata moja. Usiku huohuo, kwenye kitabu, niliandika taarifa: flashi imefaulu mitihani mitatu kati ya minne, wastani asilimia sabini na tano, daraja la kwanza.

Siku ya tatu Tumati ikazimika. Mchana wake Endagikot. Jioni nilifungua faili la vikao vyetu kumi na tisa, nikakuta majina matupu, na kila jina nililobonyeza halikunijibu. Miezi minane ya akili imeliwa. Orodha za mbegu za Tumati na Endagikot, hakuna. Hotuba ya Mkurugenzi, hakuna. Laptopu yake nayo, ambako flashi ilirudi baada ya ziara, ilikuwa inajizima na kujiwasha ndani ya mkoba wake wa ngozi.

"Kompyuta nne zimekufa na moja imepona," alisema Mkurugenzi. "Katibu, wakifa wote kwenye boma akabaki mmoja mzima, mchawi ni nani?"

"Aliyebaki, Mheshimiwa."

"Itisha mkutano mkuu. Endasak kwenyewe. Nataka wenye kampuni wamwone anavyoondoka."

Tulikutana kwenye nyasi mbele ya ghala. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu jeusi tangu asubuhi, na wakulima walikuwa wanautazama mlima kuliko walivyotutazama sisi. Walikuwa na haki yao. Siku za kupanda zilikuwa zinahesabika. Mkurugenzi alizungumza bila karatasi, kwa muda mrefu. Kisha nikasimama nikasoma Kifungu cha Kumi na Moja chote, mpaka kwenye "bila kujali cheo wala umri", nikaketi nikiwa nimeridhika.

Scolastica alisimama na furushi la karatasi. "Shikamooni wazee wangu. Sina maneno mengi." Hana, na hajawahi kuwa nayo, hilo nimeshalieleza. "Orodha hazijapotea. Nakala zilinifikia kwa ile njia ya VPN kabla wenzangu hawajaugua. Hii ya Tumati. Hii Endagikot. Hii yetu. Zikiagizwa leo, mbegu zitakuja kabla ya mvua."

Kelele zilizopigwa hapo sikuziandika kwenye muhtasari. Mwanaume mmoja mfugaji alirusha fimbo juu.

"Na karatasi hii nyingine," akaendelea, "mashine inaandika kila anayegonga mlango wake. Namwomba Mzee Gidamis aisome, mimi naogopa."

Mzee Gidamis alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali na uso, akasoma kama anasoma majina ya ng'ombe waliooga. Tarehe kumi na tano Oktoba mwaka huu, saa nne asubuhi, imekataliwa flashi yenye ugonjwa, jina la flashi GERALD MIELEKA. Akageuza ukurasa. Wakati wa kusafisha, umekutwa ugonjwa wa zamani, uliingia tarehe kumi na mbili Oktoba mwaka jana, saa tano asubuhi, jina la flashi GERALD MIELEKA.

Mkurugenzi alinyanyuka. "Mashine inasema uongo! Na kwa Kifungu cha Saba mimi siulizwi na yeyote hapa!"

"Kaa, tusome vizuri," alisema Mzee Gidamis. "Kifungu kinasema mkubwa haulizwi na mashine. Na hata tungesema hataulizwa na mdogo, hapa si wote wadogo. Benedikta, mama yangu, una miaka mingapi?"

"Sabini na moja," alisema Mama Benedikta, akishuka mbele na fimbo yake. Alimsogelea Mkurugenzi mpaka wakatazamana. "Gerald. Umeniamkia leo?"

Mkurugenzi alivua miwani ya jua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tarehe ile ya mwaka jana nilikuwa foleni hapahapa. Ulikuja kuprinti kadi za harusi ya mwanao. Nikaambiwa nipishe, mkubwa ana haraka. Nikapisha. Nikavuna debe mbili. Wajukuu wangu wamekula uji mwepesi mwaka mzima, na huyu binti mmemliza bure." Alichomeka fimbo ardhini. "Mimi ni mkubwa wako, na ninakuuliza. Flashi ni ya nani?"

Mkurugenzi alinitazama mimi. Nilitazama mlima.

"Ya kwangu," alisema.

Mikono iliinuliwa. Kazi yangu ilikuwa kuihesabu, nami nilipofika mia tatu na ushee, bado iko mingi, nikaandika "wajumbe wameafiki". Kifungu kilisema siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo ndiyo aliyoondoka, mkoba wa ngozi kwapani, kwa bodaboda, kwa kuwa gari ni la kampuni.

Mbegu zilifika Novemba tarehe saba. Mvua ilishuka tarehe kumi na moja. Scolastica anakaimu makao makuu wakati bodi ikitafuta mtu, na nasikia haitafuti sana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzipitisha kompyuta zote kwenye ulinzi, yangu ikiwemo. Nilimwendea na hoja ya shikamoo, hoja nzito iliyokula vikao vitatu na mbuzi. Aliitoa kabatini ile leseni yenye muhuri wangu, akaniwekea mezani.

"Mzee Katibu, mashine imezaliwa Mei mosi. Ina miezi sita. Nani katika kampuni hii ni mdogo kwake?"

Niliirudisha leseni kabatini. Julius aliongeza neno moja tu kwenye kioo, na tangu hapo mashine inamwamkia kila mtu, hata wafagizi, na haijapata laana.

Siku ya kumi na tatu baada ya mkutano, Gerald Gidabuday alikuja kukata rufaa. Ni haki yake, na njia anaijua, VPN peke yake, maana aliisaini mwenyewe. Scolastica alisimama, akampa shikamoo kwa mikono miwili, akamwachia kiti chake. Akasukuma kibodi mbele yake taratibu. Kioo kikawa cheupe.

SHIKAMOO. WEWE NANI?

"Marahaba," alijibu Gerald kwa sauti, uso ukimlegea kidogo. Kisha akaandika kwa kidole kimoja: Mkurugenzi Mkuu. Neno la siri hakuwa nalo. Hakuwahi kuandikishwa, tulimsamehe. Akabonyeza. Mashine ikawaza, kioo kikafutika, kikarudi cheupe vilevile.

SHIKAMOO. WEWE NANI?